Nani Analipa Dakika za Kusubiri?

Dereva wa teksi ya mtandaoni anawasha apu alfajiri na kuegesha kando ya barabara. Dakika 18 zinapita, simu kimya. Inapolia, anaendesha dakika 7 kumfuata abiria, anampakia, wanakwenda dakika 15, abiria anashuka. Jumla dakika 40, na nauli imetokana na 15 tu. Zile nyingine 25 zimekula muda, mafuta na gari, na zote zimeingia kwenye hesabu ya dereva peke yake.

Nimeanza na dakika hizo kwa makusudi. Mabishano kuhusu kama dereva wa Uber au Lyft ni mwajiriwa au ni mkandarasi huru husomeka kama mambo ya wanasheria, yamejaa majina ya kesi na namba za vifungu. Ukiyamenya maganda unakuta swali la hesabu: gari linapozunguka tupu likisubiri abiria, gharama yake ni ya nani? Watu huuliza kama kampuni hizi zinaweza kudumu bila kuwaajiri madereva wake. Nadhani swali hilo halijibiki mpaka hili la dakika lijibiwe kwanza.

Bili inavyogawanywa

Nchini Marekani, ambako kampuni hizi zilizaliwa (Uber mwaka 2009, Lyft mwaka 2012), mwajiriwa ana haki ya kima cha chini cha mshahara, malipo ya saa za ziada, bima ya kupoteza kazi na fidia akiumia kazini. Mwajiri huchangia asilimia 7.65 ya mshahara kwenye hifadhi ya jamii na matibabu ya wazee, na mwajiriwa huchangia kiasi kilekile. Mkandarasi huru hana haki hizo, na mchango wa asilimia 15.3 anaubeba wote mwenyewe. Gari ni lake, tairi ni zake, mafuta ni yake. Katika jimbo la California angekuwa mwajiriwa, sheria ingemlazimu mwajiri kumrudishia gharama alizoingia kwa ajili ya kazi, gari likiwamo.

Kabla kampuni hizo hazijaingia soko la hisa mwaka 2019, watu wa ndani ya sekta walikuwa wakikadiria kwamba kuajiri badala ya kutumia wakandarasi hupandisha gharama kwa asilimia 20 hadi 30. Makadirio hayo hunukuliwa sana, lakini yanaficha jambo kubwa zaidi. Mwajiri anayelipa kwa saa hulipa saa nzima, abiria awepo asiwepo. Siku atakapoanza kulipia dakika za kusubiri, ataanza kuhesabu ni magari mangapi yako barabarani, kama mwenye duka anavyohesabu wauzaji wake. Leo hana sababu ya kuhesabu. Dereva mmoja zaidi akijiunga juu ya elfu kumi waliopo mjini hamgharimu chochote, na abiria anafurahi kwa sababu gari lililo karibu limesogea karibu zaidi. Wanaopungukiwa ni madereva elfu kumi waliokuwepo, ambao sasa wanasubiri kidogo zaidi kila mmoja.

Tusiwape Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia huko California, sifa isiyo yao, hata hivyo. Jijini New York madereva wengi wa teksi walikuwa waajiriwa wenye chama chao, wakilipwa sehemu ya nauli. Mwaka 1979 jiji likaruhusu wenye magari kuwakodisha madereva kwa zamu. Kuanzia hapo dereva alianza siku akiwa na deni: anatoa pesa ya kukodi gari kwanza, kisha anakwenda kuitafuta. Siku ikiwa mbaya, ubaya ni wake. Kilichozuia hali isiharibike kabisa ni kwamba idadi ya vibali vya teksi ilikuwa na kikomo. Teksi za mtandaoni ziliurithi ukandarasi huo, zikamwachia dereva hata ununuzi wa gari, na zikaling'oa lango lililokuwa likizuia idadi.

Hasara iliyogeuka faida

Kwa muongo mzima, wakosoaji wa kampuni hizi walikuwa na jibu rahisi: hazitadumu hata zikiwa na madereva wasioajiriwa. Na walikuwa na tarakimu za kuonyesha. Uber peke yake ilikuwa ikipoteza takriban dola bilioni moja kwa mwaka nchini China kabla ya kuiachia kampuni ya Kichina ya Didi soko hilo mwaka 2016. Mwezi Mei 2019 ilipouza hisa kwa umma kwa dola 45 moja, waraka wake kwa wawekezaji ulionya kwamba huenda isipate faida kamwe, na kwamba kama madereva wangehesabiwa kuwa waajiriwa ingelazimika kubadili biashara yake kwa kiasi kikubwa. Mwaka huo ilipata hasara ya dola bilioni 8.5. Uliofuata, wa korona, hasara ya bilioni 6.8. Siri ya nauli zile za bei ya kutupa haikuwa teknolojia. Ilikuwa ni mwekezaji aliyekuwa akimchangia abiria nauli bila abiria kujua.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2023 Uber ilipata faida ya uendeshaji kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, dola bilioni 1.1. Lyft ikafuata mwaka 2024 na faida yake ya kwanza ya mwaka, ndogo kabisa, dola milioni 22.8. Nauli zilikuwa zimepanda, ruzuku zimepunguzwa, wafanyakazi wa ofisini wamepunguzwa, na upande wa kupeleka chakula na matangazo ya biashara umekua.

Kuna badiliko jingine ambalo abiria wengi hawakuliona. Zamani dereva alilipwa kwa dakika na maili, na kampuni ikakata kamisheni inayojulikana. Nchini Marekani utaratibu huo uliachwa hatua kwa hatua: abiria anaonyeshwa bei moja kabla ya safari, dereva anaonyeshwa kiasi kingine, na hakuna uwiano wa kudumu kati ya namba hizo mbili. Safari moja kampuni inaweza kubaki na kidogo sana, nyingine ikabaki na sehemu nono. Kwa mtu anayeitwa mfanyabiashara huru, kutojua mteja wake amelipa shilingi ngapi kabla ya kuamua kumbeba ni biashara ya ajabu.

Kwa hiyo jibu la juujuu ni ndiyo, zimedumu, na zimedumu kwa ukandarasi. Lakini kudumu kwa leo hakuthibitishi kwamba mpangilio wenyewe ni imara. Una nyufa mbili, na zote mbili zinatokana na neno "huru".

Uhuru unaoshikwa kamba

Mahakama zilizochunguza suala hili ziliuliza jambo ambalo hata asiye mwanasheria angeuliza: nani anaamua? Mwaka 2016 baraza la kazi la London lilipokea hoja kwamba Uber jijini humo ni mkusanyiko wa biashara ndogo 30,000 zilizounganishwa na jukwaa moja. Likajibu kwamba wazo hilo linachekesha kidogo. Kesi iliyofunguliwa na madereva akina Yaseen Aslam na James Farrar ikapanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza, iliyotoa hukumu tarehe 19 Februari 2021, majaji wote wakikubaliana. Walitazama mambo matano. Nauli inapangwa na kampuni. Masharti ya mkataba yanaandikwa na kampuni. Dereva akikataa safari mara nyingi anaondolewa kwenye apu kwa muda. Nyota anazopewa na abiria zinaweza kumfukuzisha. Na mawasiliano yake na abiria yanabanwa ili wasijuane nje ya apu. Mtu asiyeweza kupanga bei wala kujenga wateja wake hana njia ya kukuza biashara. Njia pekee ya kuongeza kipato ni kuongeza saa.

Marekani nako majaji waliguna mapema. Mwaka 2015 Jaji Edward Chen wa San Francisco aliikataa hoja kwamba Uber ni kampuni ya teknolojia tu, akasema kwa mantiki hiyo hata kampuni ya teksi za kawaida ya Yellow Cab ingekuwa kampuni ya teknolojia kwa sababu inatumia redio kuwaita madereva wake. Mwenzake Vince Chhabria, akishughulikia kesi ya Lyft mwaka huohuo, alilalamika kwamba baraza la wazee wa mahakama lingekuwa kama limepewa kigingi cha pembe nne likaambiwa lichague kati ya matundu mawili ya duara. Binafsi naona huyu wa pili alikuwa mkweli zaidi. Dereva anayeamka atakapo na kuzima apu atakapo hafanani na mwajiriwa wa kiwandani. Dereva asiyejua nauli yake hafanani na mwenye biashara.

Ufa wa kwanza ndio huo: ili mfumo ufanye kazi, kampuni inahitaji kudhibiti, na ikidhibiti inafanana na mwajiri. Kwamba inahitaji kudhibiti si nadharia. California ilipoanza kutumia sheria ya AB5 Januari 2020, sheria iliyofanya iwe vigumu kumwita mtu mkandarasi kama kazi yake ndiyo biashara yenyewe ya kampuni, Uber ilijaribu kuonyesha kwamba madereva wake wako huru kweli. Iliwaonyesha abiria anaelekea wapi kabla hawajakubali safari. Ikawaruhusu kuzidisha nauli kwa kiwango wanachotaka. Kwa kifupi, iliwatendea kama wafanyabiashara. Hatari ya kisheria ilipopita, mwaka 2021, uhuru huo ukaondolewa jimboni humo, kwa maelezo kwamba madereva walikuwa wakichagua safari nzuri na kuziacha nyingine, na abiria wanakosa magari. Hilo, kwangu mimi, ni ungamo kubwa kuliko hati yoyote ya mahakamani. Wafanyabiashara wa kweli huchagua kazi. Huduma ya gari ndani ya dakika tatu haivumilii wafanyabiashara wa kweli.

Ufa wa pili unazungumzwa kidogo, nao ni wa kuchekesha kwa namna yake. Sheria za ushindani za Marekani zinakataza wafanyabiashara huru kukubaliana bei. Kama madereva ni biashara laki kadhaa zinazojitegemea, basi apu inayozipangia zote bei moja inafanya nini? Abiria mmoja alimshtaki Travis Kalanick, mkuu wa Uber wa wakati huo, kwa hoja hiyohiyo mwaka 2015, na mwaka 2016 jaji wa New York alikataa kuifuta kesi. Ilipelekwa baadaye kwenye usuluhishi wa faragha na Kalanick akashinda, kwa hiyo swali lenyewe halijawahi kupata jibu la mahakama kuu yoyote. Hapohapo, sheria hizohizo zilitumika dhidi ya madereva: mji wa Seattle ulipopitisha mwaka 2015 kanuni ya kuwaruhusu kujadiliana malipo kwa pamoja, Chama cha Wafanyabiashara cha Marekani kiliupeleka mahakamani kikidai kwamba wakandarasi huru wakijadiliana bei pamoja ni kula njama. Kampuni ikiwapangia bei moja, huo ni ufanisi wa teknolojia. Wao wakikaa pamoja kuidai, ni njama.

Lango likifunguliwa, lango likifungwa

Sasa turudi kwenye dakika. Utafiti mmoja wa wachumi Jonathan Hall, John Horton na Daniel Knoepfle, wawili kati yao wakiwa wamefanya kazi Uber, uliangalia kinachotokea kampuni inapopandisha nauli katika miji ya Marekani. Mwanzoni kipato cha dereva kwa saa kinapanda, kama mtu yeyote angetarajia. Kisha kinaanza kushuka, na baada ya wiki kama nane kinarudi karibu na kilipokuwa. Sababu ni kwamba nauli nzuri inawavuta madereva wapya na kuwafanya waliopo wakae barabarani muda mrefu, abiria wanapungua kidogo, na muda wa kuzunguka gari tupu unarefuka mpaka unaimeza nyongeza yote.

Matokeo hayo yanatosha kuvuruga hoja za pande zote mbili. Wanaosema "pandisheni nauli madereva wapate" wanasahau kwamba lango liko wazi. Wanaosema soko litajirekebisha lenyewe wana haki kiasi, ila linajirekebisha kwa kujaza magari tupu barabarani, na gharama ya magari hayo haionekani kwenye vitabu vya kampuni.

New York ndiko walikojaribu kuifanya ionekane. Mwaka 2018 jiji lilisimamisha utoaji wa vibali vipya vya magari ya aina hii, na kuanzia Februari 2019 likaweka kiwango cha chini cha malipo kilicholenga dola 17.22 kwa saa baada ya gharama. Waliochora mpango huo, wachumi James Parrott na Michael Reich, waliweka ndani yake kitu cha busara: kiwango cha kila dakika na kila maili hugawanywa kwa sehemu ya muda ambao magari yana abiria. Magari yakizunguka tupu zaidi, malipo ya kila safari yanapanda. Kwa mara ya kwanza, dakika ya kusubiri ikawa na bei kwa kampuni.

Na kampuni zikafanya sawasawa na ambavyo mwajiri angefanya. Zilifunga lango. Mwaka huohuo Lyft, kisha Uber, zilianza kuwazuia madereva kuingia kwenye apu saa ambazo abiria ni wachache, na majira ya joto ya 2024 zikarudia kwa ukali hata dereva aliyekuwa katikati ya zamu akajikuta nje. Madereva walikasirika, na ni haki yao. Walikuwa wameahidiwa uhuru wa kufanya kazi wakati wowote. Lakini tazama kilichotokea: madereva walibaki wakandarasi kwa jina, hakuna aliyepewa mkataba wa ajira, na bado kampuni ilianza kutenda kama mwajiri kwa sababu tu bili ya kusubiri ilihamishwa. Wala haikufilisika. New York imebaki kuwa soko kubwa la kampuni zote mbili.

Kura ya dola milioni mia mbili

California ilichukua njia nyingine, na inafaa kukaa nayo kidogo kwa sababu ndiyo iliyoamua mwelekeo wa Marekani. Agosti 2020 jaji mmoja aliziamuru Uber na Lyft ziwatambue madereva kuwa waajiriwa. Zote zikatangaza kwamba zitafunga huduma jimboni. Saa chache kabla ya muda kuisha, mahakama ya rufaa ilisimamisha amri hiyo, na kampuni zikahamishia vita kwenye sanduku la kura. Pamoja na kampuni za kupeleka chakula zilitumia zaidi ya dola milioni 200 kupigia debe Pendekezo la 22, lililotaka madereva wabaki wakandarasi, kampeni ghali kuliko zote za pendekezo la kura katika historia ya jimbo hilo hadi wakati huo. Novemba 2020 walishinda kwa takriban asilimia 58. Julai 2024 Mahakama ya Juu ya California ikaipa baraka bila jaji hata mmoja kupinga.

Pendekezo hilo liliahidi asilimia 120 ya kima cha chini cha mshahara, senti 30 kwa maili, na ruzuku ya bima ya afya kwa wanaoendesha saa nyingi. Kwa mtu anayesoma bango la kampeni, asilimia 120 ni zaidi ya anayopata mwajiriwa. Tatizo limo kwenye neno moja: muda wa "kazi" unaanzia dereva anapokubali safari hadi abiria anaposhuka. Dakika za kusubiri hazimo. Senti 30 nazo zilikuwa karibu nusu ya senti 57.5 ambazo mamlaka ya kodi ya Marekani ilikadiria kuwa gharama ya kuendesha maili moja mwaka huo. Hata kabla ya kura, Michael Reich na mwenzake Ken Jacobs wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley walikuwa wamekokotoa kwamba ukijumlisha kusubiri na gharama, dhamana hiyo inashuka hadi dola 5.64 kwa saa. Kampuni zilizikataa hesabu hizo.

London kuna mwangwi wa jambo hilohilo. Mahakama ya Juu ilisema dereva yuko kazini tangu anapowasha apu katika eneo lake akiwa tayari kukubali safari. Mwezi mmoja baadaye Uber ikatangaza kwamba madereva wake zaidi ya 70,000 nchini humo watapata kima cha chini, likizo yenye malipo na pensheni, jambo kubwa kwa kipimo chochote, lakini kima hicho kihesabiwe tangu safari inapokubaliwa. Ona mahali wakuu wa Uber walipogoma. Walikubali kulipia likizo na uzee wa dereva, lakini dakika za kusubiri hawakukubali kuzigusa.

Na hukumu ile haikuiua Uber. Mwaka 2022 ililipa hata pauni milioni 615 kumaliza madai ya kodi ya ongezeko la thamani nchini Uingereza, na haikuondoka. Ujerumani ni mfano mzito zaidi ingawa hautajwi sana: huko mahakama zilipiga marufuku kuwatumia watu wenye magari binafsi wasio na leseni, Uber ikageukia kampuni za magari ya kukodi zenye leseni, nazo zinaajiri madereva. Mwajiri si Uber mwenyewe, na jinsi kampuni hizo za kati zinavyowatendea watu wake ni hadithi nyingine ndefu. Lakini apu inafanya kazi Berlin na abiria wanasafiri. Kwamba biashara hii haiwezekani bila dereva mkandarasi si kweli. Isiyowezekana ni ile ya nauli ya chini, gari la dakika tatu popote ulipo, na lango lililo wazi kwa kila mwenye gari, vyote vitatu kwa pamoja, huku kampuni ikilipia muda wote.

Madereva wenyewe wanataka nini

Hapa kampuni husema madereva wanapenda kuwa huru, vyama vya wafanyakazi husema wananyonywa, na kila upande una dereva wa kuonyesha mbele ya kamera. Wote wawili wanaonyesha madereva halisi. Hall, pamoja na mwanauchumi Alan Krueger, walikuta kwamba karibu nusu ya madereva wa Uber nchini Marekani waliendesha saa 15 au pungufu kwa wiki: wanafunzi, watu wenye kazi nyingine, mzazi anayetafuta saa mbili kati ya shule na chakula cha jioni. Watu hao wakiwekewa ratiba ya zamu wanaondoka, na hawajakosea.

Ila ukihesabu safari badala ya vichwa, picha inageuka. New York, kwa mujibu wa Parrott na Reich, asilimia kama 80 ya safari zilifanywa na madereva wa muda wote. Wengi wao walinunua magari kwa ajili ya kazi hii tu. Kwa mtu mwenye mkopo wa gari, uhuru wa kuzima apu ni kama uhuru wa mvuvi kutokwenda baharini. Kampuni humtaja dereva wa kwanza anapokuja mwandishi wa habari na humtegemea wa pili kuendesha biashara. Sheria inayowachukulia kama mtu mmoja itamkosea mmoja wao.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, vita vya jina vinaishia pembeni huku yaliyomo yakibadilika. Jimbo la Massachusetts mwaka 2024 lilimaliza kesi yake dhidi ya Uber na Lyft kwa kukubaliana kiwango cha chini cha dola 32.50 kwa saa ya safari, bila kumwita dereva mwajiriwa, na Novemba hiyo wapiga kura wakawapa madereva haki ya kuunda chama. Mwaka huohuo kampuni zilitishia kuondoka mji wa Minneapolis, kisha zikabaki baada ya jimbo lake la Minnesota kuweka viwango vyake. California, nyumbani kwa Pendekezo la 22, ilitia saini mwaka 2025 sheria ya kuwaruhusu madereva wajadiliane kwa pamoja, wakiwa bado wakandarasi. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2024, umechagua kugeuza mzigo wa ushahidi: pakiwa na dalili za udhibiti, mtu atahesabiwa mwajiriwa hadi kampuni ithibitishe vinginevyo, na nchi wanachama zilipewa hadi Desemba 2026 kuliingiza kwenye sheria zao. Mkandarasi huru anabaki kwenye karatasi, huku akivishwa, kipande baada ya kipande, nguo za mwajiriwa. Kampuni zinaweza kuishi na hilo miaka mingi. Zimeshaanza.

Gari lisilo na dereva

Kuna wanaosema haya yote yatafutwa na magari yanayojiendesha. Uber iliwahi kuamini hivyo kiasi cha kutengeneza yake, kisha mwaka 2020 ikaikabidhi idara hiyo kwa kampuni ya Aurora. Leo inaunganisha abiria na magari yasiyo na dereva ya kampuni ya Waymo huko Austin na Atlanta. Hakuna wa kumwita mkandarasi ndani ya gari hilo, na hakuna wa kumlipa likizo.

Lakini dereva wa kibinadamu alikuwa akileta kitu ambacho mahesabu ya kampuni hayakuwahi kukipa thamani yake: gari. Alilinunua, akaliosha, akalijaza mafuta, akalilaza nyumbani kwake usiku, na mahitaji yalipopungua alilizima na kwenda zake bila kumdai mtu. Gari la Waymo halina nyumbani. Lazima mtu alinunue, alipangie yadi, alichaji, afute matapishi ya abiria wa usiku wa manane. Huko Austin kazi za yadi na usafi ziko chini ya Uber, inayozisimamia kupitia wabia wake. Na saa tisa alasiri, abiria wakiwa wachache, magari hayo husimama kando ya barabara yakisubiri, kila moja likipoteza thamani dakika kwa dakika, na safari hii hakuna dereva wa kuachiwa bili hiyo.